Waridi, Simba na Kiboksi

Mdogo wangu ndiye aliyemletea mama simu kubwa. Alikuja nayo Krismasi kutoka Dar es Salaam, ikiwa bado kwenye boksi lake, akamkabidhi mbele ya majirani waliokuja kula pilau, na majirani wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto. Pilau lile nililipika mimi, kuku niliwanyonyoa mimi, na mchele nilitoka nao Maisaka kwenye pikipiki nimeupakata kama mtoto. Hakuna aliyepiga kigelegele kwa ajili ya pilau. Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu na sijifichi.

Mama hajui kusoma. Alizaliwa juu huko Mbulu, akashuka kuolewa Bonga, na maisha yake yote amelima mbaazi na kufuga ng'ombe bila kuhitaji herufi hata moja. Sasa simu yenye majina ya watu ataisomaje? Mdogo wangu, ambaye anafanya kazi ofisini na ana jibu la kila kitu, alikaa na mama barazani siku ya pili ya Krismasi akatugeuza watoto wote kuwa picha. Namaanisha emoji, vile vikatuni vidogo vya kwenye simu. Mahali pa jina la mtu aliweka picha, ili simu ikiita, mama aitazame tu ajue ni nani anayepiga. Yeye mdogo wangu akawa waridi jekundu. Kaka yetu wa Mwanza akawa simba. Mimi sikuambiwa nimekuwa nini, kwa sababu nilikuwa nimesharudi mashineni.

Nina mashine ya kusaga pale Maisaka. Watu wanaleta mahindi kwenye ndoo na viroba, wengine wanasubiri, wengine wanaacha mzigo na kwenda sokoni, kwa hiyo lazima niweke alama. Huyu namfungia kitambaa cha kijani, yule namchorea msalaba wa mkaa kwenye kifuniko, mwingine napachika gunzi kwenye mkono wa ndoo. Watu wanadhani nafunga chochote kinachokuwa karibu. Si kweli. Mteja mkorofi nampa kitambaa kilichochanika, na bibi mmoja mpole wa Bagara nina kitambaa chake maalumu chenye maua ambacho simfungii mtu mwingine. Alama ya mtu haichaguliwi hivi hivi, unaitafuta kwa jinsi unavyomwona. Ndiyo maana suala la picha za mama halikuwa dogo kwangu.

Simu yangu mimi ni ya siku nyingi. Kioo kimepata ufa kwenye kona na unga umeingia mpaka kwenye spika, ila inapiga, inapokea, na grupu la familia linafunguka. Mama alipofundishwa kutuma kwenye grupu, akawa kila asubuhi baada ya kukamua anatuita kwa zamu kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio. Kwanza simba, maana kaka ndiye mkubwa. Mwisho waridi. Na katikati, mahali pangu, kiboksi.

Kiboksi kitupu. Mistari minne na ndani hakuna kitu. Asubuhi ya kwanza nilidhani kidole cha mama kimeteleza. Asubuhi ya pili kikaja tena, simba, kiboksi, waridi, na ya tatu vilevile. Nilikaa juu ya kiroba cha pumba nikakitazama kile kiboksi mpaka mteja akaniuliza kama nina msiba.

Niliuliza kwenye grupu, kwa utani ili nisionekane nimeumia, kwamba jamani mimi ni sanduku? Kaka hakujibu, yeye hujibu mambo ya mpira tu. Mdogo wangu alituma msururu wa sura zinazocheka mpaka machozi, halafu akaandika kuwa tatizo ni simu yangu, imezeeka, dada nunua nyingine. Basi. Hakusema hicho kiboksi ni picha ya nini. Na mimi sikumwuliza tena, kwa sababu kuna watu ukiwauliza kitu mara mbili wanajiona wamekuzidi, na yeye alianza kujiona hivyo tangu darasa la kwanza.

Mngeniambia nimwulize mama mwenyewe. Kutoka Maisaka hadi Bonga si safari, ni pikipiki kwenye barabara ya Dodoma na umefika. Lakini ningemwuliza vipi? Mtu mzima, mama wa watoto, niende kumwuliza mama yangu mbona mwenzangu ni ua? Ningekufa kwa aibu. Nikasema nitajua kwa njia yangu.

Wakati huohuo nikaanza kugundua jambo lingine, na hili ndilo lililonitia homa. Mama alikuwa hapokei simu zangu.

Nilijua anapokea za mdogo wangu, kwa sababu nilishuhudia. Jumapili moja baada ya misa nilikuwa kwake, nimemletea unga na dawa zake za presha, nimeshamfulia mablanketi, niko nayaanika. Simu ikaita ndani. Mama, ambaye magoti yanamsumbua na mimi ndiye ninayempeleka kliniki ya magoti hayo, alitoka mbio. Aliichomoa simu kwenye soksi anamoihifadhia, akatazama waridi, akalipangusa kwa kidole gumba kana kwamba lina vumbi, na akapokea hata haijaita mara ya pili. Wakaongea mpaka mablanketi yakaanza kukauka. Alipomaliza akaja kunionyesha lile ua, akaniambia kwa furaha kabisa, "Huyu ni wa Dar."

Nilimjibu kuwa namjua, nilimbeba mgongoni.

Nilimwonea wivu mdogo wangu, na sitafuti neno lingine la kupunguza makali. Nilimwonea wivu kwa ua lake, kwa kazi yake ya kukaa kwenye kiyoyozi, kwa ile namna ya kuja mara moja kwa mwaka na kupokelewa kama bibi harusi. Mimi niliyekuwepo paa lilipovuja, niliyekuwepo ng'ombe alipokwama wakati wa kuzaa, simu yangu inaita mpaka inachoka yenyewe. Nilikuwa napiga mchana, saa zile mashine imepumzika na hakuna mteja. Inaita, inaita, kimya. Napiga tena. Kimya. Mwanzoni nilipiga kwa sababu nilitaka kumsikia. Baadaye, nasema ukweli, nilipiga ili nihakikishe kuwa hapokei, nipate kukasirika vizuri.

Na asubuhi inayofuata, simba, kiboksi, waridi.

Mwishowe nikampelekea fundi simu pale karibu na stendi. Ni kijana mwenye heshima, alinisalimia shikamoo kabla hajainua kichwa kwenye kazi yake. Nilimwambia simu yangu ina ugonjwa, inaficha picha. Akatazama, akacheka kidogo, akanieleza kwamba picha hizi hutolewa mpya kila baada ya muda, na hii aliyotuma mama ilitoka simu yangu ikiwa imeshatengenezwa na kuuzwa. Simu haiijui, kwa hiyo inaweka kiboksi mahali pake, kusema hapa pana kitu nisichokifahamu. Waridi na simba ni picha za zamani, ndiyo maana zinaonekana.

Nikamwuliza kama anaweza kuifundisha. Akasema hapana, simu ya umri huu haipokei tena mafunzo.

"Nitumie mimi, mama, nikuonyeshe ni nini," akasema.

Nikamtumia. Simu yake ikalia mezani katikati ya bisibisi na vioo vilivyovunjika. Akaigeuza upande wangu.

Kilikuwa kiti.

Kiti cha mbao, cha miguu minne, chenye mgongo. Hakina mto, hakina nakshi. Fundi alikuwa na simu nyingine ya aina tofauti, akaituma kwenye hiyo pia ili nione kwamba kila kampuni huchora kwa mkono wake. Kwenye ile ya kwanza kiti kilikuwa cha kahawia iliyokolea, kwenye ya pili kilikuwa cheupe kidogo kama mbao iliyotoka kwa seremala leo, na kimeelekea upande mwingine. Nilimwomba anionyeshe na waridi. Waridi la mdogo wangu lilikuwa zuri kwenye simu zote mbili. Lilikuwa zuri hata kwenye ya kwangu yenye ufa.

"Kiti kizuri tu, kina pa kuegemea," fundi akasema, maana aliona uso wangu.

Nilirudi Maisaka kwa miguu ili hasira ipungue, na haikupungua. Mmoja ni ua, mmoja ni simba, na mimi ni fanicha. Nilipita dukani, nikaona viti vya plastiki vimepangwa nje, nikavichukia. Nikawaza kwamba kiti ndicho kitu ambacho mtu hukikumbuka magoti yakimuuma, akishapumzika anainuka anaondoka bila kugeuka nyuma. Nikawaza pia kwamba kazi hii ni ya mdogo wangu, ndiye aliyekaa na simu siku ile, ndiye aliyejichagulia ua na mimi akanitupia kilichobaki.

Hilo la mwisho sikuweza kulimeza. Nilimpigia jioni ileile, na sikumsalimia sawasawa. Nilimwuliza ni nini alichokuwa anafikiria. Akaniapia kuwa hakuhusika. Ua alijiwekea yeye, hilo alikubali. Simba ni kaka aliyeomba kwa simu. Lakini alipofika kwangu, alisema, mama alimzuia mkono. Alitaka kuona picha zote mwenyewe. Alizipitisha na kidole, wanyama, matunda, magari, nyota, maua ya kila rangi, akazipita zote, mpaka akafika pale akasimama.

"Dada, ni mama mwenyewe aliyechagua. Mimi nilimwonyesha hata malaika, akakataa. Akasema huyo ni kiti."

Nilikata simu. Afadhali angekuwa mdogo wangu, maana huyo nimezoea kumkasirikia na tunarudiana. Lakini mama mwenyewe, kwa kidole chake, aliruka maua yote yaliyomo duniani, akamruka na malaika, akaja kunitua kwenye kiti. Usiku ule nilimweleza mume wangu, akasema mbona kiti ni kitu cha maana. Nikamwambia basi ale kwenye kiti, mimi sipakui.

Nikasusa. Zile Jumapili zilizofuata sikwenda Bonga. Unga na dawa nilimpa mtu wa pikipiki apeleke, na nilimwambia akiulizwa aseme mashine ina kazi nyingi. Mama hakuuliza chochote, alishukuru tu, nikaona ndiyo hayo, kiti hakiulizwi habari. Lakini mchana, mashine ikinyamaza, kidole kilinipeleka kwenye namba yake. Napiga. Haipokelewi. Napiga tena. Nilikuwa najichokonoa kidonda mwenyewe, na nilijua, na sikuacha.

Halafu nikapata wazo ambalo mtu asiye na wivu hawezi kulipata. Nilitaka kuiona sura ya mama pale kiti kinapojitokeza kwenye kioo. Ya waridi niliiona. Nilitaka kulinganisha. Kama atakunja uso, nione. Kama atasonya, nisikie, na baada ya hapo nitajua mimi ni nani kwake na nitaishi hivyo.

Nikafunga mashine mapema Jumamosi moja, wakati mbaazi zilikuwa zimeshavunwa na mashamba ya Bonga yamebaki vijiti. Nilimwambia wa pikipiki anishushe mbali, kwenye kona ya jirani, asije na mlio wake mpaka nyumbani. Nikapita nyuma ya uzio, nikiwa nimejitanda kanga mpaka usoni kama mwizi wa kuku, nikajibanza nyuma ya banda la ng'ombe. Kutoka pale unaona uwanja wote na mlango wa jikoni. Ng'ombe alinigeukia akanitazama kwa mshangao, na alikuwa na haki.

Mama alikuwa mlangoni amekaa kwenye kigunia, anapepeta maharage. Soksi yenye simu ilikuwa pembeni yake. Nikapiga.

Nikaisikia ikiita. Mama akaweka ungo chini, akaichomoa simu, akaitazama. Nilikaza macho. Hakukunja uso na hakusonya. Aliitazama kidogo tu, akairudisha kwenye soksi ikiwa bado inaita, kama mtu aliyeshapata alichotaka kujua. Nilihisi machozi ya hasira yananipanda. Nikasema moyoni, haya, umeona, geuka uende zako.

Kabla sijageuka, mama aliinuka. Alijishika magoti, akaingia ndani, akakaa huko kwa muda, na akatoka anaburuta kiti. Ni kiti cha marehemu baba, kizito, cha mti wa kweli, hakipiti mlangoni mpaka ukilaze ubavu. Mimi mwenyewe nikikibeba napumzika njiani. Alikilaza, akakitoa, akakisimamisha, akakiburuta mpaka kwenye kivuli cha nyumba, na akakigeuza kielekee njia ya kutoka barabarani. Kisha akafungua upande wa kanga yake akakifuta. Alifuta pa kukalia, akafuta mgongo, akainama kwa taabu akafuta mpaka miguu yake. Alipomaliza hakukikalia. Alirudi kwenye kigunia chake, akachukua ungo, na akawa anapepeta na kutazama njia, anapepeta na kutazama njia.

Nilisimama nyuma ya ng'ombe sijui nifanye nini. Nikarudi kwa uzio, nikazunguka, nikaingia kwa njia ya kawaida kama mtu anayetoka barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umewahi," akasema, na akanionyesha kiti kwa mkono. "Kaa, umechoka na jua."

Sikukaa. Nilimwuliza mbona nimepiga simu na hakupokea. Nilimwuliza kwa sauti ya ukali kuliko nilivyokusudia, kwa sababu miezi yote ile ilikuwa imekaa kooni. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Nipokee ya nini? Si wewe uliniambia nisipokee. Ulisema nikipiga usipokee, utanimalizia salio, wewe jua tu kwamba natoka nakuja."

Na ilikuwa kweli. Niliyasema mimi maneno hayo, enzi za kitochi chake, kile kisimu kidogo cha tochi, wakati vocha ilikuwa ya kuhesabia na sote tulibipu. Niliyasema mara moja, nikiwa na haraka, nikasahau. Kitochi kilikufa, mimi niliyekuwa wa kubipu nikawa mtu wa kununua bando kila wiki, na yeye akaendelea kunitii. Mdogo wangu hakuwahi kumfundisha hivyo. Yeye alikuwa mbali, akipiga alikuwa na maana ya kuongea.

"Mdogo wako aliponiuliza akuweke picha gani," mama akasema, bado anachagua mawe kwenye maharage, "nikamwambia huyo akipiga mimi natoa kiti."

Nilipaswa kufurahi. Waridi halitolewi nje, simba hafutiwi vumbi. Ningeweza kumpigia mdogo wangu palepale nikamringia mpaka achukie Dar es Salaam yake, na kwa dakika moja hivi nililipanga hata neno la kuanzia. Lakini kuna swali lilikuwa limeshaingia kichwani na halikutaka kutoka. Nikamwuliza.

"Na siku nikipiga halafu nisije?"

Mama alitupa jiwe dogo pembeni. Hakuna lawama niliyoisikia kwenye sauti yake, na nilitafuta.

"Nangoja. Jua likizama nakirudisha ndani."

Nikakitazama kile kiti, jinsi kilivyo kizito. Kwenye udongo wa uwanja kulikuwa na alama za miguu yake, mistari iliyotoka mlangoni mpaka kivulini na kurudi, mingi, mingine juu ya mingine. Nikakaa. Mama aliinuka kwa kujishika magoti, akaniuliza kama chai iwe na maziwa, nikasema iwe nayo, na sikumwambia kwamba zile simu zote za mchana nilizipiga bila nia ya kuja.